Mashahidi wa Injini

Kiwanda cha Cessna, kilichoko mji wa Wichita katika jimbo la Kansas nchini Marekani, kiliacha kuunda ndege ndogo za injini ya pistoni mwaka 1986, kwa kuwa madai ya fidia yaliyofuata ajali, hata ajali za ndege zilizoundwa miongo mingi kabla, yalikuwa yamepandisha gharama za bima kupita kiasi cha biashara kuweza kustahimili. Na hakikuirudia kazi hiyo mpaka baada ya sheria ya mwaka 1994 iliyoweka mpaka wa miaka 18, ambao ukipita muundaji kwa jumla hashtakiwi tena kwa kasoro ya chombo alichokiunda. Katika muda huo ndege zilizokwisha kuundwa hazikuacha kuruka. Ziliuzwa na kununuliwa, zikafunguliwa na kufungwa, zikabadilishiwa injini mara moja, mara mbili, mara tatu, na nyingi katika hizo zingali kazini hata leo, mikononi mwa marubani ambao hawakuwa wamezaliwa siku zilipotoka kiwandani. Miongoni mwake sina budi kuichagua Cessna 206, maana hiyo ndiyo ijulikanayo zaidi na watu wa pande zetu: ndege ya mabawa ya juu, mlango mpana wa mizigo ubavuni na magurudumu yasiyokunjwa, iliyokwisha kubeba waganga, wamisionari, watalii, mbegu, chanjo na maiti katika viwanja vya udongo tangu Turkana hadi kingo za Rufiji. Bati lake likitunzwa halina uzee wa haraka. Kilichozeeka ndani yake ni dashibodi, yaani kile kiambaza cha geji na swichi ambacho rubani hukitazama kila siku na mara chache hukiuliza neno.

Nitapita upesi juu ya zile geji sita kubwa zilizo mbele ya macho yake, zinazomwambia mwendo, kimo, upeo, mwelekeo, mgeuko na kasi ya kupanda au kushuka, kwani habari yake imekwisha kusimuliwa na wengi. Yatosha kukumbuka kwamba tarehe 24 Septemba 1929, katika kiwanja cha Mitchel Field huko Long Island, rubani Jimmy Doolittle alifunikwa turubai kichwani asione mbingu wala nchi, akaruka, akazunguka na kutua kwa kutegemea vyombo peke yake, miongoni mwake jairoskopu za Sperry na geji ya kimo ya Kollsman, huku rubani mwenzake Benjamin Kelsey akiwa amekaa kiti cha mbele kwa tahadhari, mikono yake ikionekana nje ili watu washuhudie kwamba hakugusa kitu. Tangu siku hiyo sayansi ya kumjulisha rubani mahali alipo katika anga ilikwenda mbio, ikatajirika, ikapata wapenzi. Sayansi ya kumjulisha hali ya injini yake ilibaki nyuma, imekunja miguu pembeni mwa dashibodi katika safu ya vijigeji vidogo kama sarafu, kila kimoja na utepe wake wa rangi ya kijani uliochorwa kiwandani kumwambia kwamba mambo ni salama.

Tuvitazame hivyo vijigeji kwa utulivu, kwani humo ndimo maneno yangu yalimo. Cessna 206 ya miaka ya 1970 hutumia injini ya Continental IO-520, yenye silinda sita zinazopozwa kwa upepo na nguvu za farasi 300 wakati wa kuruka. Silinda sita ni mioto sita iliyo mbalimbali, kila mmoja na petroli yake, hewa yake, plagi zake mbili na vali zake, na kila mmoja unaweza kuharibika peke yake ilhali mitano iliyosalia ni mizima. Walakini kiwanda kiliweka geji moja tu ya joto la vichwa vya silinda, na geji hiyo ilipata habari zake kutoka silinda moja, ile iliyodhaniwa kuwa ndiyo kali kuliko zote. Nasema iliyodhaniwa, kwa sababu silinda iliyo kali siku ya majaribio katika ndege mpya si lazima iwe ndiyo iliyo kali baada ya miaka hamsini, wakati mipira na mabati yanayoelekeza upepo juu ya injini yamekwisha kukauka, kupinda na kuachia nyufa. Kwa kanuni ya sheria iliyohukumu pwani yetu kwa karne nyingi, kadhi hakati shauri la mali kwa kauli ya shahidi mmoja aliye peke yake. Lakini uhai wa watu sita waliokaa nyuma ya propela moja ulikatiwa shauri namna hiyo kila siku, wala haikuonekana ajabu.

Shahidi wa petroli alikuwa na ila kubwa zaidi. Geji inayodai kuonyesha kiasi cha petroli kinachoingia katika injini hiyo haipimi kiasi. Hupima msukumo wa petroli katika kigawanyaji kilicho juu ya injini, kisha tarakimu za msukumo zikaandikwa juu ya uso wake kwa jina la galoni kwa saa. Maadamu nozeli zote sita ni wazi, hesabu hiyo yakubalika. Nozeli moja ikizibwa na chembe ya taka, petroli iingiayo hupungua, lakini msukumo nyuma ya kizuizi huzidi, na akrabu ya geji hupanda. Hivyo rubani mwenye silinda inayokosa chakula huambiwa kwamba injini yake inakula zaidi, na pengine, kwa kufuata ushauri wa shahidi huyo, atavuta kile kishikio chekundu na kuipunguzia petroli injini ambayo tayari ina njaa. Fauka ya hayo, mrija mwembamba wenye petroli hasa hupita kutoka katika injini hadi nyuma ya dashibodi kuipa geji hiyo msukumo wake, na mrija mwingine huleta oili ya moto katika geji ya oili, ambayo ndani yake mna bomba bapa lililopindwa linalojinyosha kwa msukumo, fikra aliyoipatia hataza Eugène Bourdon wa Ufaransa mwaka 1849. Ni fikra njema, na bomba hilo halihitaji umeme. Lakini petroli na oili ya moto magotini mwa rubani ni wageni ambao mtu mwenye hiari asingewakaribisha.

Dawa ya shahidi yule mmoja wa joto ilikuwa imekwisha kujulikana kabla ya injini hizi kuzaliwa. Thomas Johann Seebeck, mtaalamu wa Kijerumani, aliona mwaka 1821 kwamba metali mbili mbalimbali zikiunganishwa na viungo vyake vikatofautiana kwa joto, hutokea athari ambayo baadaye ilifahamika kuwa ni ya umeme. Jozi ya nyaya za namna hiyo, ikifichwa ndani ya kijiti cha chuma na kijiti kikatiwa katika ekzosi, hueleza joto la moshi. Kingine kikichomekwa katika tundu la kichwa cha silinda hueleza joto la kichwa. Silinda sita, vijiti kumi na viwili. Hapana siri nyingine. Kilichokosekana kwa muda mrefu kilikuwa chombo cha kuwasikiliza mashahidi kumi na wawili kwa mara moja bila ya kumchosha rubani, na chombo hicho kilipatikana katika miaka ya 1980, wakati elektroniki ilipokuwa rahisi na ndogo, na watu kama wale wa kampuni za Insight na J.P. Instruments wakaweza kuzipanga habari hizo zote katika duara moja la geji, nguzo sita ndogo za mwanga zikisimama bega kwa bega.

Ndipo marubani walipoanza kuona mambo yaliyokuwa yakitendeka siku zote. Plagi moja ikifa, injini hutetemeka kidogo au haitetemeki kabisa, kwa sababu plagi ya pili inafanya kazi; lakini moto ulioanzia upande mmoja huchelewa kumaliza kuwaka, vali ya moshi hufunguka ukiwa bado na ukali, na nguzo ya moshi ya silinda hiyo hupanda huku joto la kichwa likishuka kiasi. Vali ya moshi ikianza kuungua ukingoni, joto la moshi wa silinda yake hupanda na kushuka pole pole, yapata mara moja kwa dakika, kwa sababu vali huzunguka kidogo kidogo katika kazi yake na mahali palipoliwa hupita na kurudi. Ishara hiyo hutokea mapema kabla vali haijavunjika, na kuiona ni tofauti ya vali iliyotolewa karakanani kwa spana na vali iliyojitoa yenyewe juu ya msitu. Na ikiwa joto la kichwa kimoja lapaa kwa haraka huku moshi wake ukipoa, hiyo ni dalili ya petroli kuwaka kabla ya wakati wake, balaa inayoweza kutoboa pistoni katika dakika chache, na rubani hana la kufanya isipokuwa kupunguza nguvu papo hapo na kujua wapi atatua.

Faida hizo huonekana zaidi katika nchi zetu. Ndege iliyojaa, ikiondoka Dar es Salaam adhuhuri ya mwezi wa Februari, katika hewa ya joto iliyo usawa wa bahari, kuelekea viwanja vya kaskazini vilivyo futi 4,000 na zaidi, hupanda kwa muda mrefu na upepo haba wa kupoza. Kiwanda cha injini kimeandika nyuzi 460 za Farenhaiti kuwa mwisho wa joto la kichwa. Wataalamu wengi wa leo hushauri isizidi 400, kwa kuwa aluminiamu hupoteza nguvu zake kabla ya kuufikia mpaka huo wa karatasi. Katika geji ya zamani nyuzi 400 na nyuzi 450 zote zilikuwa ndani ya utepe wa kijani. Rubani aliyekaa raha chini ya rangi hiyo, akifanya safari hiyo hiyo mwaka mzima, alikuwa akizila silinda zake bila ya kujua, kisha mwenye ndege akashangaa kwa nini zinapasuka kabla ya saa zake.

Habari ya petroli nayo haiko mbali. Mwaka 1944 rubani Charles Lindbergh, akiwa raia miongoni mwa askari wa anga wa Marekani huko New Guinea, aliwafundisha marubani wa ndege za P-38 kupunguza mizunguko ya injini, kuongeza msukumo wa hewa na kuufanya mchanganyiko kuwa na petroli haba, wakapata masafa waliyokuwa hawayadhani. Vijana wale waliogopa kwamba injini zitaungua. Walikuwa na haki ya kuogopa, maana hawakuwa na ushahidi isipokuwa neno la mtu mashuhuri na vyuma vilivyofunguliwa baadaye karakanani. Rubani wa leo mwenye vijiti kumi na viwili hahitaji umashuhuri wa mtu. Avuta kishikio chekundu, atazama ni silinda gani imefika kileleni kwanza na ni ipi ya mwisho, na kama zote zinakaribiana basi aweza kuruka kwa petroli haba akiwa na yakini. Katika nchi ambamo petroli ya ndege ya oktani 100 hupatikana katika viwanja vichache na huko kwingine huletwa kwa mapipa, jambo hilo si la anasa.

Lakini mashahidi wakizidi, waongo nao huzidi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosifu skrini mpya kana kwamba imeshuka mbinguni. Kijiti kilichomo ndani ya ekzosi huishi katika moto, waya wake hukaa karibu na mtikisiko, na viungo vyake, hususa katika ndege zinazolala Zanzibar, Mafia au Malindi, huliwa na chumvi. Sensa zitaharibika mara nyingi kuliko injini. Rubani asiyefahamu hilo atapata fadhaa angani kwa ajili ya skrubu iliyolegea. Na aliyepata fadhaa mara nyingi ataanza kudharau, jambo lililo baya zaidi. Hukumu yake ni ile ile ya kadhi aliyeketi barazani: ushahidi unaopinga maumbile hutupwa. Kichwa cha silinda ni pande la aluminiamu lenye uzito wake. Hakiwezi kupata nyuzi 200 kwa sekunde moja wala kuzipoteza kwa sekunde moja. Akrabu inayoruka namna hiyo inasimulia habari za waya. Kadhalika silinda iliyo taabani hutoa ushahidi kwa njia zaidi ya moja, joto la kichwa likasadikiana na moshi, moshi ukasadikiana na mtikisiko unaosikika kitini. Anayesema peke yake, na kwa ghafula, na wenzake wote wamkana, asiangushiwe ndege shambani kwa sababu ya kauli yake.

Sheria ya ndege ina maoni yake katika jambo hili, na kwa mtu mgeni huonekana kama kichekesho. Ndege hukubaliwa pamoja na vyombo vilivyoorodheshwa katika cheti chake cha asili, na kuvigusa kwa kawaida hakuruhusiwi bila ya cheti cha nyongeza kinachotaja aina ya ndege na aina ya chombo. Karatasi hiyo nayo hutakiwa kukubaliwa na mamlaka ya nchi ilikoandikishwa ndege. Ndiyo maana kwa miaka mingi chombo kipya cha kuchungulia injini kiliruhusiwa kama mshauri tu, na geji ya zamani, yenye shahidi wake mmoja, ikalazimika kubaki mahali pake ikiwa ndiyo yenye amri. Dashibodi zikajaa vyombo viwili viwili, kijana anayejua na mzee anayeaminiwa. Baadaye vilipatikana vyombo kama EDM 900 vya J.P. Instruments, vilivyopewa ruhusa ya kuchukua nafasi ya geji za kiwanda moja kwa moja. Na mwaka 2016 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ililegeza masharti ya vyombo vya usalama visivyo vya lazima. Siwacheki waliokawia. Geji ya Bourdon ina aibu zake, lakini aibu zake zajulikana zote, na altaneta ikifa usiku yenyewe huendelea kusema. Skrini moja iliyomeza geji tisa ikizimika, zimezimika tisa.

Yasiyosimuliwa sana ni yale yanayoonekana dashibodi inapofunguliwa. Nimesimama nyuma ya mafundi katika kazi hiyo, na wao hawastaajabu tena, lakini mimi nilistaajabu: nyaya zilizokatwa na kuachwa zining'inie, za redio ambazo hapana ajuaye jina lake; mabano ya vyombo vilivyoondolewa zamani; gundi, kamba, viungo vilivyogeuka rangi ya kijani. Kila mwenye ndege alikuwa ameongeza kitu na hapana aliyeondoa. Fundi mkuu, mzee wa makamo aliyekuwa akiandika uzito wa kila kipande katika daftari, maana ndege hupimwa upya na mizani yake huhesabiwa upya kazi ikimalizika, aliniambia bila ya kuinua kichwa, "Bwana, kuweka ni siku mbili. Kuondoa ndiko kazi." Wenye ndege wengi huuliza bei ya chombo, ilhali fedha zao nyingi zitakwenda katika saa za mikono hiyo.

Kuna shauri la macho pia. Akrabu husomwa bila ya kusomwa: jicho laona kwamba imeinama kidogo kuliko jana, na mwili wafahamu kabla ya akili. Tarakimu hudai kusomwa hasa, na mtu aliye katika shughuli ya kutua hana nafasi ya kusoma tarakimu kumi na mbili. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza ndege ndogo zilizotoka kiwandani na dashibodi za skrini na kutangaza mwaka 2010 kwamba zilikuwa na ajali chache zaidi kwa jumla, lakini ajali zake za kuua zilikuwa na kiwango kikubwa zaidi. Watu wamefasiri matokeo hayo kwa njia nyingi, wakataja aina ya safari na umri wa marubani. Mimi naona yatosha kwamba hayakuonyesha usalama ulioahidiwa. Waundaji walio werevu wamerudi kuchora akrabu na nguzo juu ya skrini, na tarakimu wameziweka chini yake kwa anayezihitaji.

Lakini sifa ninayoipa heshima kubwa kupita zote ni kumbukumbu. Geji ya zamani haikuwa na jana. Ilisema lililopo, kisha ikasahau, na fundi aliyeletewa injini mbovu alitegemea simulizi ya rubani, ambayo aghalabu ilianza kwa maneno kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Chombo kipya huandika kila baada ya sekunde chache, safari baada ya safari, na maandishi hayo huletwa mezani, yakachorwa, fundi akaonyesha kwa kidole mahali silinda ya tatu ilipoanza kuugua wiki tatu kabla ya mtu yeyote kuhisi. Katika mashirika ya kukodisha, ambamo ndege moja huendeshwa na marubani wengi kwa mwezi, maandishi hayo yameleta mazungumzo yasiyokuwapo zamani, kwani yaonyesha pia ni nani aliyepanda kwa nyuzi 440 dakika kumi na mbili asiinamishe pua ya ndege kupata upepo. Wako wasioyapenda. Nimemsikia rubani akilalama kwamba amewekewa mpelelezi, na sikumwona kuwa amekosea katika jina alilolitumia. Niliona tu kwamba abiria wake, kama wangeulizwa, wangemtaka mpelelezi huyo abaki.

Liko jambo moja ambalo kumbukumbu hiyo hailijui. Kihesabu cha petroli, kile chenye kigurudumu kidogo kinachozungushwa na petroli ipitayo, huhesabu kwa uaminifu mkubwa kilichopita. Kilichomo tangini hukipata kwa kuambiwa. Rubani akiandika galoni 80 ilhali matangi yana 60, kitampigia hesabu safi ya petroli isiyokuwapo mpaka injini inyamaze. Kijiti cha kupimia tangi, chenye alama zake za kisu, hakijapata mrithi, na afadhali kisitupwe pamoja na takataka za dashibodi.

Mwenye ndege ya miaka hamsini na fedha za kazi moja tu atauliza aanze wapi, na mimi rai yangu ni kwamba injini itangulie na skrini ya upeo ingoje. Jairoskopu ikifa mchana mweupe juu ya Ruvu, rubani ataitazama nchi na kuendelea na safari. Silinda ikipasuka hapo hapo, hakuna uzuri wa skrini utakaomfikisha. Lakini mwenye kuruka usiku, au kuvuka mawingu ya masika baina ya Dar es Salaam na Songea, rai hii asiifuate. Jairoskopu zake za zamani huzungushwa na pampu ya kufyonza hewa, na mapanga ya pampu hiyo, yaliyotengenezwa kwa kaboni, huvunjika bila ya kutoa onyo lolote; huyo fedha zake na zianze huko, na silinda zake azisikilize kwa masikio mwaka mmoja zaidi.